"Historia ya Madai": Istilahi Inayomponza Mwenye Nyumba

Fani ya bima ni mojawapo ya fani ambazo Kiswahili kimeziingia kwa mguu mmoja tu. Neno "bima" lenyewe limekwisha kuwa letu. Lina udugu na neno la Kihindi na la Kiajemi lenye maana hiyo hiyo, wala hakuna leo anayeliona kuwa geni. Shirika la Bima la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa ndilo shirika pekee la bima Tanzania Bara, hadi soko lilipofunguliwa kwa makampuni mengine katika miaka ya 1990. Katika muda huo maneno ya mlangoni yalizoeleka: bima, wakala, ada, ajali, fidia. Lakini maneno ya chumba cha ndani, yaani yale yanayoamua nani alipwe na nani asilipwe, kwa sehemu kubwa yaliendelea kukaa katika Kiingereza.

Sasa hali imebadilika. Mwaka 2021 Tanzania ilitunga sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Jambo hili ni la kujivunia. Lakini pia linatuongezea mzigo sisi tunaoshughulika na istilahi. Neno lililokuwa likitumika katika mazungumzo ya kaunta sasa laweza kusomwa na hakimu. Likiwa limelegea, hasara haitakuwa ya lugha peke yake.

Makala haya yanachunguza istilahi moja pamoja na jamaa zake wa karibu. Istilahi hiyo ni "historia ya madai", kama inavyotumika pale mwenye nyumba anapotakiwa kukata tena bima ya nyumba yake baada ya mwaka kwisha. Tunashikilia kuwa istilahi hii ina kasoro kubwa: inauliza jambo lisilokusudiwa, inalifunika jambo linalokusudiwa, kisha inamwachia mwenye bima lawama ya kosa lililomo katika swali lenyewe.

Mizigo ya neno "dai"

Neno "dai" halikuzaliwa katika bima. Mtu akisema, "Namdai fulani shilingi 5,000," ana maana kuwa fulani ana deni kwake. Mahakamani, kesi ya madai ni ile isiyo ya jinai, na wanaokabiliana humo huitwa mdai na mdaiwa. Katika magazeti, "inadaiwa kuwa" ni njia ya mwandishi kujitenga na habari asiyoweza kuithibitisha. Wafanyakazi nao wanapotoa madai yao, hudai haki zao kwa mwajiri. Maana zote hizi zina kiini kimoja: mtu anasimama mbele ya mwenzake akitaka apewe kitu, na yule mwenzake huenda akapinga. Kwa hiyo neno hili lina harufu ya deni na ya ugomvi popote linapokwenda.

Neno "historia" nalo lina desturi zake. Katika lugha ya kila siku, mtu huambiwa ana historia ya jambo fulani pale jambo hilo linapokuwa la kurudiarudia au la kutia doa, kama vile historia ya ulevi au historia ya maradhi. Tukio moja lililopita na kusahauliwa haliitwi historia. Mwenye nyumba akiulizwa kama ana "historia ya madai", kwanza atasikia kwamba anaulizwa kama yeye ni mtu wa kudaidai.

Sasa tumweke mbele ya fomu inayouliza: "Je, una historia ya madai katika miaka 5 iliyopita?" Na tufikirie wenye nyumba watatu, wote waaminifu. Wa kwanza aliunguliwa jiko akalipwa fidia na kampuni bila ya mabishano yoyote. Hakumdai mtu, hakwenda mahakamani, aliandika barua akalipwa. Anajibu, "Hapana." Wa pili alipasukiwa na bomba, akaiarifu kampuni, akaambiwa gharama ya matengenezo ni ndogo kuliko kile kiasi ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe, hakupata hata senti moja. Naye anajibu, "Hapana." Wa tatu aling'olewa mabati matatu na upepo, akamwita fundi, akamlipa mwenyewe, mambo yakaisha. Huyu hata hafikirii, anajibu, "Hapana."

Wote watatu wamesema kweli kwa Kiswahili. Na wote watatu, kwa kipimo cha bima, huenda wamesema uongo.

Mambo manne chini ya jina moja

Chanzo cha tatizo ni kwamba neno la Kiingereza "claim" lilifasiriwa kwa neno moja bila ya kwanza kuchambuliwa linafanya kazi gani. Tukilichambua tunakuta mambo manne yanayofuatana. Kwanza kuna tukio lenyewe: moto, mafuriko, wizi, bomba kupasuka. Pili kuna kuiarifu kampuni kwamba tukio limetokea. Tatu kuna kuomba rasmi kwamba kampuni ilipe. Nne kuna malipo, au uamuzi wa kutolipa. Tukio laweza kuwapo bila ya taarifa, taarifa ikawapo bila ya ombi, na ombi likawapo bila ya malipo. Neno "madai" linayabeba yote manne kama gunia moja, na asomaye fomu hawezi kujua gunia limejazwa nini.

Tofauti hii ina uzito katika utendaji. Uingereza, makampuni ya bima yana rejista ya pamoja iitwayo kwa kifupi CUE, inayohusu magari, majeraha ya watu na nyumba. Rejista hiyo hupokea matukio yaliyoarifiwa kwa makampuni, yawe yamezaa dai au hayakuzaa. Marekani iko rejista iitwayo C.L.U.E., inayoendeshwa na kampuni ya LexisNexis, ambayo huhifadhi kumbukumbu za bima za magari na za nyumba kwa muda wa hadi miaka 7, ikionyesha tarehe ya hasara, aina yake na kiasi kilicholipwa. Mwenye nyumba anapojibu fomu, jibu lake laweza kulinganishwa na kumbukumbu hizo. Yule wa pili katika mfano wetu, aliyepasukiwa na bomba asilipwe, aweza kabisa kukutwa humo: ana tukio, ana tarehe, na mbele ya kiasi kilicholipwa pana sifuri. Kampuni itamwona kuwa aliulizwa akakana.

Yule wa tatu hayumo katika rejista yoyote, kwa kuwa hakumwarifu mtu. Hata hivyo fomu nyingi za Uingereza huuliza juu ya hasara pamoja na madai, na hueleza wazi kuwa zinataka hata hasara ambazo hazikudaiwa. Mfasiri akiona maneno mawili hayo yamekaa pamoja, moja la hasara na moja la dai, akayakusanya yote katika "historia ya madai" kwa kutaka ufupi, amefuta nusu ya swali.

Iko dosari nyingine ya kisarufi. Kihusishi "-a" katika Kiswahili kina upana mkubwa, hivi kwamba "madai ya nyumba" kwa msomaji wa kawaida ni mabishano juu ya umiliki wa nyumba: nani aliirithi, nani aliiuza, nani ana hati. Na hata tukikubali kuwa ni madai ya bima, swali linabaki: ni historia ya mtu au ya jengo? Rejista ya Marekani tuliyoitaja hutunza kumbukumbu kwa mtu na pia kwa nyumba, na ndiyo maana anayenunua nyumba huko aweza kukutana na hasara zilizotokea wakati wa mwenye nyumba aliyemtangulia. Istilahi inayofaa lazima ituwezeshe kusema "kumbukumbu ya mtu" na "kumbukumbu ya nyumba" bila ya kuchanganya.

Kuhuisha, kuongeza muda, au kukata upya?

Jamaa wa pili wa istilahi hii ni neno linalotaja kile kinachofanyika mwaka unapokwisha. Maneno yanayosikika ni kuhuisha, kuendeleza na kuongeza muda. Yote matatu yana picha moja: kuna kitu kilichokuwapo, nacho kinaendelea kuwapo. Kuhuisha ni kukitia uhai kilichofifia. Kuongeza muda ni kuirefusha kamba ile ile. Kwa leseni au kadi ya uanachama picha hiyo haina madhara. Kwa bima ya nyumba ni picha ya hatari.

Sababu ni kwamba kwa sheria ya Kiingereza, ambayo misingi yake ilirithiwa Tanzania na Kenya, bima ya aina hii hukatwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja, na kila mwaka mpya ni mkataba mpya. Wajibu wa kusema kweli, uliokuwapo siku ya kwanza, unazaliwa tena kila mwaka. Mfano mashuhuri ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975. Mama mmoja alikata bima ya vito mwaka 1963, akawa anaikata tena mwaka baada ya mwaka. Mwishoni mwa 1971 mumewe alitiwa hatiani kwa wizi na kufungwa. Mwaka 1972 mama yule alikata tena bima bila ya kulitaja jambo hilo, wala hakuulizwa. Baadaye mwaka huo huo vito vikapotea au kuibwa, vyenye thamani ya pauni 311, na kampuni ikakataa kulipa. Mahakama iliipa kampuni haki, ijapokuwa majaji hawakuficha kwamba waliona sheria yenyewe kuwa kali mno kwa mtu wa kawaida.

Uingereza iliibadili sheria hiyo kwa sheria mpya ya mwaka 2012 juu ya bima za watu binafsi, iliyoanza kutumika Aprili 2013. Leo mwananchi wa huko hana tena wajibu wa kukisia kampuni ingependa kujua nini. Wajibu wake ni kuwa na uangalifu wa kutosha asitoe maelezo yasiyo ya kweli. Na katika kupima kama alikuwa mwangalifu, sheria inataka pia itazamwe kama maswali ya kampuni yalikuwa wazi na mahususi. Hapa msomaji ataona kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa istilahi moja kwa moja. Mahali ambapo sheria inampima mjibuji kwa ubora wa swali, uchaguzi wa neno si pambo. Ni sehemu ya haki yenyewe.

Sheria hiyo inataja pia jambo linalohusu mwaka mpya wa bima. Kampuni ikimtaka mteja athibitishe au arekebishe maelezo aliyoyatoa zamani, naye asifanye hivyo, kutojibu kwake kwaweza kuhesabiwa kuwa ni maelezo yasiyo ya kweli. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; katika bima mshindo huo husikika siku ya hasara. Mtu aliyeambiwa kwamba "bima yake imehuishwa" ataiweka barua kabatini bila ya kuisoma, kwa sababu neno lenyewe limemwambia kwamba hakuna jipya. Mtu aliyeambiwa "unakata bima upya" ana nafasi ya kujiuliza kama aliyoyasema mwaka jana bado ni ya kweli.

Kwa hiyo tunapendelea "kukata bima upya". Kukata bima ni usemi ambao watu wanao tayari, kama vile kukata tiketi. Na abiria yeyote anajua kuwa tiketi ya jana haimpandishi basi la leo.

Kuficha si kutotaja

Jamaa wa tatu ni maneno yanayotaja kosa. Maelezo mengi ya Kiswahili juu ya bima husema kwamba mwenye bima "akificha" jambo hatalipwa. Neno hili linahukumu kabla ya kusikiliza. Kuficha kunahitaji nia: afichaye anajua alichokificha na kwa nini amekificha. Aliyesahau tarehe hakuficha, wala aliyelielewa swali visivyo hakuficha.

Ni vyema tukumbuke kwamba hata ile kesi inayotajwa kuwa shina la msingi wote huu haikuisha kwa kumwadhibu mwenye bima. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza alisikiliza shauri la gavana wa ngome ya Kiingereza katika kisiwa cha Sumatra, ambaye alikuwa amekata bima dhidi ya ngome hiyo kutekwa. Wafaransa waliiteka, na mtoa bima akakataa kulipa kwa kusema kuwa udhaifu wa ngome ulifichwa. Jaji alieleza wajibu wa uaminifu kwa pande zote mbili, kisha akaamua kwa upande wa gavana: mambo ambayo mtoa bima aliyajua, au alipaswa kuyajua mwenyewe, hayakuwa siri iliyofichwa. Tangu siku ya kwanza, basi, msingi huu ulikuwa na pande mbili. Tafsiri inayotumia neno "kuficha" kila mahali inaubakisha upande mmoja tu.

Sheria ya Uingereza ya 2012 inatofautisha daraja za kosa. Iko hali ya kusema uongo kwa makusudi, pamoja na ile ya kusema bila ya kujali kama ni kweli au si kweli. Hapo kampuni yaweza kuuvunja mkataba na kukataa madai yote. Na iko hali ya kukosa uangalifu tu. Katika hali hii ya pili, kama kampuni ingekubali kutoa bima kwa ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano. Tuseme mtu alilipa ada ya pauni 240, na kama angelitaja tukio la bomba angetozwa pauni 320. Amelipa robo tatu ya ada iliyostahili. Kwa hiyo hasara ya pauni 8,000 italipwa pauni 6,000. Pauni 2,000 zilizobaki ni zake kuzibeba.

Kwa Kiswahili tofauti hii ina hatari ya kupotea, kwa sababu neno "uzembe" limetanda kote. Mtu humwita mzembe yule asiyependa kazi, yule aliyesahau, na yule aliyeona hatari akapita. Tunapendekeza "kukosa uangalifu" kwa daraja la chini, na "kutojali ukweli" kwa daraja linalokaribia uongo wa makusudi. "Kuficha" litumike pale tu ambapo nia imethibitika, na pengine popote lisemwe "kutotaja".

Hapa hatuna budi kutaja pia kosa jingine linaloenea, nalo ni "sera ya bima". Sera ni mwelekeo wa serikali au wa chama. Hati ambayo mwenye nyumba anakabidhiwa si sera; ni hati ya mkataba. Mfasiri alikutana na neno "policy", akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoiona. Mwananchi akiambiwa asome "sera" ya kampuni hataisoma, kwa kuwa sera ni mambo ya wakubwa. Aambiwe asome "hati ya bima" yake.

Hoja za wanaopinga

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba "madai" limekwisha zoeleka katika ofisi za bima na kulibadili ni kuleta vurugu. Hatupendekezi lifutwe. Tunapendekeza libaki mahali pake, yaani hatua ya tatu ya zile nne, na lipewe kijalizo: "dai la fidia". Wataalamu wa bima wataendelea kusema "dai" wao kwa wao, nasi hatuna ugomvi nao. Fomu inayotiwa sahihi na mwananchi ndiyo inayotushughulisha.

Pili, kwamba istilahi tunazozitaka ni ndefu, na istilahi nzuri ni fupi. Ni kweli ufupi ni sifa. Lakini ufupi unaopatikana kwa kubana mambo manne katika neno moja ni deni, na anayelilipa ni yule aliye mbali na meza ya mfasiri. Baina ya neno fupi linalopotosha na fungu la maneno linaloeleweka, kazi yetu inatulazimisha kuchagua la pili.

Tatu, kwamba bima ya nyumba bado ni ya wachache kwetu, na rejista tulizozieleza ni za nchi za mbali. Hoja hii ndiyo inayotuhimiza. Ni rahisi kusanifu neno kabla fomu hazijachapishwa kwa maelfu kuliko baadaye. Isitoshe, wako wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza na Marekani ambao nyumba zao zimo katika rejista hizo leo, na ambao huwaelezea wazazi wao barua za bima kwa Kiswahili. Wao nao wanahitaji maneno.

Mapendekezo

Tunaleta mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo na maana zake:

Hati ya bima: maandishi ya mkataba baina ya mtoa bima na mwenye bima. Lisitumike "sera ya bima".

Kukata bima upya: kufanya mkataba mpya wa bima baada ya ule wa awali kwisha muda wake, hata kama masharti ni yale yale.

Tukio la hasara: jambo lolote lililoharibu au kupoteza mali, liwe limearifiwa au halikuarifiwa.

Taarifa ya hasara: kuiarifu kampuni ya bima kwamba tukio la hasara limetokea, kabla ya kudai chochote au bila ya kudai.

Dai la fidia: ombi rasmi la mwenye bima la kulipwa kwa ajili ya tukio la hasara.

Dai lililofungwa bila ya malipo: dai la fidia lililomalizika pasipo mwenye bima kulipwa kitu, kwa sababu yoyote ile.

Kumbukumbu ya hasara na madai ya fidia: orodha ya matukio ya hasara, taarifa, madai na malipo inayomhusu mtu fulani au nyumba fulani, pamoja na tarehe zake. Lichukue nafasi ya "historia ya madai".

Uaminifu kamili: wajibu wa pande zote mbili za mkataba wa bima kutendeana kwa kweli.

Istilahi peke yake haitoshi. Hujaribiwa katika sentensi. Kwa hiyo tunatoa mfano wa swali:

"Katika miaka 5 iliyopita, je, wewe au mtu yeyote anayeishi nawe amepatwa na tukio lolote lililoharibu au kupoteza nyumba au vitu vya nyumbani, hata kama hukumwarifu mtu wala hukulipwa? Kwa kila tukio andika: (a) tarehe lilipotokea, (b) nyumba lilikotokea, (c) chanzo chake, (d) kama uliarifu kampuni ya bima, (e) kama ulidai fidia, (f) kiasi ulicholipwa. Kama hukulipwa, andika 'sikulipwa'."

Na kwa barua ya kukata bima upya:

"Yafuatayo ni mambo uliyotueleza mwaka jana. Tafadhali yasome moja moja. Likiwapo lisilo sahihi, au jambo jipya likiwa limetokea tangu wakati huo, tuarifu kabla ya mkataba mpya kuanza. Usiponijibu barua hii kwa kurekebisha lolote, tutachukulia kuwa unathibitisha kwamba yote ni sahihi, na jambo hilo laweza kupunguza fidia yako."

Wale watatu wa mfano wetu wakipewa maswali haya, hakuna atakayejibu "Hapana" kwa kutoelewa. Akijibu hivyo, atakuwa amejua anachokisema, na hapo itakuwa haki kumwuliza.

Swali likisanifiwa, kwa mwenye nyumba inabaki kazi ya kutunza majibu. Tarehe ndizo zinazosumbua zaidi: tukio laweza kutokea Desemba, likaarifiwa Januari na kulipwa Juni, na muda wa miaka 5 hutegemea ni ipi inayohesabiwa. Yafaa mtu aandike zote tatu katika daftari siku zinapotokea, na aweke nakala ya kila barua, hasa ile inayosema kuwa dai limefungwa na kwa kiasi gani. Akikuta kumbukumbu zilizoko kwa kampuni haziko sawa, ana njia ya kudai zirekebishwe. Marekani, sheria ya mwaka 1970 juu ya taarifa za watumiaji inampa haki ya kupinga taarifa iliyokosewa, na siku hizi aweza kupata nakala ya kumbukumbu zake bure mara moja kila miezi 12. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa za watu ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zisizo sahihi zisahihishwe. Lakini ili aitumie haki hiyo, lazima aweze kusema kwa lugha yake kosa liko wapi: "Hilo lilikuwa taarifa ya hasara, halikuwa dai la fidia." Leo sentensi hiyo ni ngumu kusemeka, kwa kuwa maneno yote mawili yameitwa madai.

Mapendekezo haya yatabaki kuwa mapendekezo mpaka yatakapojadiliwa na kupitishwa. Tunawaomba wanasheria, watumishi wa makampuni ya bima, wafasiri na wananchi waliowahi kujaza fomu hizi watuletee maoni yao kwa maandishi, pamoja na maneno wanayoyasikia yakitumika mahali wanapoishi. Aliye na istilahi bora kuliko hizi asisite kuileta. Na aonaye kuwa "historia ya madai" yafaa iachwe kama ilivyo, atuonyeshe ni jibu gani ambalo mwenye nyumba aliyepasukiwa na bomba angepaswa kulitoa.